Mjomba Kastaafu Mbio Asizozimaliza

Mwezi uliopita walimfanyia mjomba wangu sherehe ya kustaafu. Ilikuwa Jumapili mchana, Kansanga, katika ukumbi ulio juu ya baa. Walifunga maputo, wakapika pilau, wakaleta keki yenye umbo la gari la mbio, na ubavuni mwa keki wakaandika kwa sukari nyekundu neno "Bingwa". Bingwa wa nini, mpaka leo sijui. Mimi ninafundisha Kiswahili Arusha, na safari ya basi mpaka Kampala si mchezo, lakini mama aliniomba nije, na mama haniombi mambo mengi. Basi nikakaa meza ya nyuma kabisa, nikaitazama ile keki. Watu wengine hustaafu kazi. Mjomba wangu kastaafu kuanguka mitaroni, na watu wazima wenye akili zao wakasimama kumpigia makofi.

Mshereheshaji alikuwa mtu mnene mwenye tai fupi. Alisema tumekusanyika kumuaga dereva mwenye kipaji kikubwa aliyekosa bahati. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma, kweli, kweli, bahati ndiyo iliyomkosesha. Nikataka kusimama nimuulize bahati ilihusika wapi, maana mimi nilikuwepo, nimekulia ndani ya nyumba hiyohiyo. Mama akanifinya paja chini ya meza, vilevile alivyokuwa akinifinya nikiwa mtoto nikianza kuropoka mbele ya wageni. Nikabaki kitini, mawazo yakanipeleka nyumbani kwa bibi.

Njoo nikupeleke, rafiki yangu, maana usipoiona nyumba ile utadhani mimi ni mtu wa chuki tu.

Sisi ni Wanubi. Wazee wetu waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa na bunduki mabegani, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Babu yangu naye alikuwa askari, kisha akaacha jeshi akanunua lori la kubebea mizigo. Nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili, na watoto wa majirani walitutazama kwa wasiwasi, kwa sababu wao Kiswahili walikijua kama lugha ya polisi kwenye kizuizi. Bibi tulimwita haboba. Nyumba yake ilikuwa upande wa chini wa barabara ya Ggaba, enzi hizo baa bado chache na adhana ya alfajiri inasikika bila kushindana na spika za mtu. Asubuhi haboba aliumwaga uji wa kisra kwenye bamba la moto, akausambaza kwa kipande cha ukindu, ukatoka mkate mwembamba wenye uchachu kidogo. Tuliula na mchuzi wa bamia kavu, vidole vikinata. Mchana alikaa kibarazani akisuka makawa ya rangi, huku kahawa ya tangawizi ikichemka pembeni. Ua wote ulinukia mkaa, tangawizi na petroli.

Petroli ilikuwa ya mjomba. Babu alipofariki, mjomba alilitoa lile lori lililokuwa likitulisha, akarudi na gari dogo la Kijapani lililong'olewa viti vya nyuma na kutobolewa bomba la moshi ili lipige kelele. Haboba akasema sawa, huyu ndiye mwanamume pekee aliyebaki katika nyumba, ana haki yake. Gari likawekwa katikati ya ua. Kuku walihamia kwa jirani na hawakurudi. Mimi kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kufua ovaroli lake jekundu kwa sabuni ya mche, na mgongoni lilikuwa limetariziwa jina lake kwa uzi wa dhahabu. Nilisugua lile jina mpaka vidole vikachubuka. Ovaroli la mama lilikuwa la kahawia, la fundi mmoja aliyenenepa likambana, na halikuandikwa kitu.

Maana mama ndiye aliyekuwa msoma ramani wake. Wewe ukiangalia mbio za magari unamwona dereva tu. Humwoni anayekaa kiti cha pili na daftari mapajani, anayemwambia dereva kona inayokuja ikoje kabla haijaonekana. Mama alikuwa mkubwa wa mjomba kwa miaka sita. Alipokuwa msichana mdogo alipanda lori na baba yake, kwa sababu babu hakujua kusoma. Yeye ndiye aliyemsomea vibao, madaraja, na maandishi ya vizuizi, kutoka Kampala mpaka mipakani. Babu hakuwahi kupotea wala kuingia mtaroni. Baadaye baba yangu alipooa mke mwingine huko Juba na kutusahau, mama alinichukua tukarudi kwa haboba, akashika duka la vipuri la familia pale Nakivubo. Mjomba alipokosa mtu wa kukaa naye garini, haboba alisema dada yako atakaa nawe, atakuangalia.

Nisimnyime mjomba haki yake. Kipaji alikuwa nacho. Gari likipita barabarani alikuwa anaweza kukwambia tairi lipi limepungua upepo, ukienda kuangalia ni kweli. Mvua ikinyesha na ule udongo mwekundu ukageuka utelezi, madereva wengine walikanyaga breki wakamwita Mungu, na yeye ndipo alipoanza kuendesha. Siku moja alirudi kinyumenyume kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwetu, katika kichochoro ambacho hata mkokoteni ulikwaruza kuta, na hakugusa kitu. Sisi watoto tulishangilia. Naona aibu kusema kwamba mimi nilishangilia kuliko wote.

Lakini kile kipaji hakikumsaidia, kwa sababu alikuwa mtu wa kutazamwa. Hakuendesha kwenda mwisho wa safari, aliendesha kwenda kwa watazamaji. Penye watu wawili alipunguza mwendo awapungie mkono, penye watu mia aliongeza mwendo awatishe, na penye msitu mtupu alipoteza hamu kabisa. Siku moja kabla ya mbio alikuwa na desturi yake ya kijinga. Alikwenda kwenye vijiwe vya bodaboda karibu na njia ya mbio, akawanunulia vijana soda, akawaambia kesho simameni kona fulani, mtaniona nikipita kwa ubavu. Kesho yake alihakikisha anapita kwa ubavu, hata kama mama alikuwa amemsomea kwamba kona ile ndani yake kuna jiwe. Ahadi aliyowapa wanywa soda aliiheshimu kuliko maneno ya dada yake.

Na hayo maneno yalikuwa kazi kweli. Kabla ya mbio kila gari linaruhusiwa kupita njia polepole ili msoma ramani aandike. Mama aliandika kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino hugoma gari likirukaruka. Kisha alirudi nyumbani na zile noti, yaani maelezo ya njia, akazisoma jikoni siku nzima ili ulimi uzoee. Anakoroga posho, ugali wetu wa Kampala, huku anasoma. "Kulia tano, inafunga, usikate. Mita sitini. Kushoto tatu, daraja, shika katikati. Mita mia, mwinuko, achia." Nambari ni ukali wa kona, na achia maana yake toa mguu kwenye mafuta. Haboba alikuwa akichambua mchele anaitikia kama anafuata kisomo. Mimi nilikaa kwenye kigoda nimefumba macho, na nilizijua barabara ambazo sijawahi kuzikanyaga. Raha ile sijaipata tena popote, kukaa jikoni mvua inanyesha nje na mama anakupitisha katika mashamba ya chai kwa sauti yake tu.

Mjomba hakuja kusikiliza. Alisema noti ni za madereva wasio na macho. Ndani ya gari mama akisoma alikuwa anajibu, "Naona, naona," hata mbele ya kilima ambacho ungehitaji kuwa malaika ili uone ng'ambo yake. Msimu baada ya msimu aliongoza nusu ya kwanza na akalala mtaroni nusu ya pili, kisha akaja na sababu. Mara vumbi. Mara ng'ombe. Mara mpinzani wake amekwenda kwa mganga. Mara marashi ya mama yamempa usingizi, na mama hajipaki marashi. Jirani yetu mmoja alikuwa fundi Mkongomani, mtu wa Bukavu, mpole, ambaye kila Jumatatu aliletewa lile gari likiwa limekunjika. Siku moja mjomba alimwambia atafute kosa lililo kwenye usukani. Fundi alikaa chini ya gari asubuhi yote, akatoka akifuta mikono, akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Mama, gari haina kosa. Kosa iko inaikala mu kiti." Mama alicheka mpaka akaketi chini.

Halafu alikuja mama mmoja wa Nairobi. Alikuwa dereva wa mbio, mwanamke mrefu mwenye miwani, ana gari lake zuri na mafundi wake. Alikuja dukani Nakivubo kutafuta kifaa fulani, akamkuta mama anasoma noti kati ya mteja na mteja. Akasimama akasikiliza. Akamwomba asome tena kuanzia mwanzo. Mwishowe akasema, "Msimu ujao nataka wewe ndio ukae na mimi. Tutaenda mpaka zile rali kubwa za nje." Tatizo lilikuwa moja tu. Ili msoma ramani apewe leseni ya kushindana nje ya nchi, ilibidi awe amemaliza mbio mbili za nyumbani, gari likavuka mstari na kadi yake ya muda ikagongwa muhuri. Mama alikuwa amemaliza moja tu katika miaka yote ile, na hata hiyo ni kwa sababu gia mbili zilikufa njiani na mjomba akakosa namna ya kujionyesha. Zilibaki mbio moja kabla ya msimu kwisha.

Mama alimweleza mjomba kila kitu. Nilikuwepo kibarazani. Alimwambia sitaki ushinde, nataka tufike, hata tukiwa wa mwisho. Mjomba akamshika mabega, akamwambia, "Dada, hii ni yako. Nakuapia." Haboba akawaombea dua wote wawili. Wiki hiyo mama aliimba akiwa anaosha vyombo, kitu ambacho hakuwa akifanya.

Zile mbio za mwisho zilikwisha kwenye mashamba ya miwa nje ya mji. Fundi alitupakia mimi na haboba kwenye gari lake, na haboba akabeba kawa la kisra na birika la kahawa kwa ajili ya kuwapokea. Tulisimama mwishoni kabisa, penye mstari, pamoja na maofisa wenye saa na watu wa redio wenye vinasa sauti. Redio ya fundi ilikuwa inatangaza kwamba mjomba anaongoza kwa zaidi ya dakika mbili. Dakika mbili katika mbio za magari ni nyingi mno, mtu anaweza kushuka akafunga kamba za viatu. Alichotakiwa kufanya ni kuendesha kama mtu anayekwenda sokoni. Nilisikia injini kwa mbali, nikaijua ni yetu. Ikapanda sauti, ikanyamaza ghafla, kukasikika kishindo, na kule ng'ambo ya miwa vijana wengi wakapiga kelele za furaha.

Gari jingine likapita. Likapita la pili, la tatu. Haboba aliuliza kila linapopita kama ndilo. Baada ya muda nikamwona mama anakuja kwa miguu katikati ya barabara, ovaroli la kahawia limejaa vumbi, kadi ya muda mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya maofisa akawawekea. Afisa akamwambia kwa upole kwamba gari ndilo linalotakiwa kuvuka, siyo yeye. Mama akasema anajua. Lakini aliendelea kusimama pale ameiweka ile kadi mezani, mpaka fundi akaenda kumshika mkono. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na sijawahi kuona mtu mzima anasimama vile.

Mjomba alifika nyuma ya trekta iliyomvuta. Kwenye mwinuko ule alikuwa ameruka kwa kasi yote, gari likatua juu ya mawe, bakuli la oili chini ya injini likapasuka. Watu wa redio wakamzunguka. Akavua helmeti, akafuta jasho, akawaambia kwa masikitiko, "Msoma ramani wangu alichelewa kusoma. Ni dada yangu, nimemsamehe. Ni mambo ya mbio." Alisema hivyo, mbele ya mama, na mama akafungua mdomo. Haboba ndiye aliyemvuta mkono akampeleka garini. Jioni ile redio zote zilisema dada alichelewa.

Shuleni Jumatatu mwalimu wetu, mwanamume aliyependa mbio kupita hesabu, alinisimamisha akaniuliza kama ni mama yangu aliyeharibu. Darasa likacheka. Kwa muhula mzima nikiwa nimechelewa hata dakika moja walisema ni ya kurithi. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama, je, kweli ulichelewa? Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaendelea kupepeta. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaamini. Nilimwamini mjomba na uzi wake wa dhahabu. Niliacha kukaa kwenye kile kigoda, na mama naye hakusoma tena jikoni, maana hakukuwa na cha kusoma. Mjomba alikuwa amepata msoma ramani mwingine, mwanamume, na yule mama wa Nairobi alikuwa amepata mwingine pia.

Nilikaa na uongo huo miaka minne. Siku moja nilikuwa nasubiri mvua ipungue kwenye kijiwe cha bodaboda, na dereva mmoja alipojua mimi ni mtoto wa nani akaanza kusimulia kwa furaha. Alisema siku moja kabla ya zile mbio mjomba alikuja kwao kule kwenye miwa, akawanunulia soda kreti nzima, akawaambia kesho msiende mstarini, simameni kwenye mwinuko. "Mjomba wako aliahidi kuluka," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kiganda, "na kweli akaluka! Yule ni mwanaume." Alikuwa ananisifia. Nikatembea kwenye mvua mpaka nyumbani, nikamkuta mama anafunga hesabu za duka, nikamwangukia mapajani nikalia. Aliuliza nani kafa.

Bado hakunieleza kwa nini alinyamaza. Hilo alinieleza mwaka juzi tu, siku tulipomzika haboba. Asubuhi ya pili baada ya mbio zile, haboba alimwita chumbani akamwambia yule ni mwanamume pekee wa nyumba hii, ukimvunja mbele za watu umevunja jina la baba yako. Wewe una nguvu, beba. Akamwapisha asiseme maadamu yeye yuko hai. Na haboba aliishi muda mrefu. Nilimpenda sana bibi yangu, kisra yake naiota mpaka leo, lakini kwa hilo nina kinyongo naye na sitaki kukificha.

Mjomba aliendelea na mbio zake miaka na miaka. Wasoma ramani walikuja na kuondoka. Mmoja alishuka katikati ya mbio akapanda bodaboda kurudi kwao. Nywele zikapungua, tumbo likaja, gari likawa kuukuu kuliko watazamaji wake. Siku hizi anafundisha watu kuendesha, anawazungusha kwenye barabara ya Luzira kwenda ziwani, na nasikia huwagombeza wanafunzi kwa kutosikiliza. Nilipoambiwa hilo nilicheka hadi nikakohoa.

Basi turudi ukumbini. Baada ya pilau mjomba alipewa kipaza sauti. Alisimulia mbio zake kama vile alizishinda, akaja mpaka kwenye ule mwinuko wa kwenye miwa, na nikajua ametuletea kile kichekesho chake cha siku zote. "Basi niko juu," akasema, amenyoosha mikono, "naona mawingu, naona ndege, ndipo nasikia dada ananiambia: mwinuko!" Watu wakavunjika mbavu. Akamwita mama asimame wamwone, akasema pamoja na kuchelewa kwake anampenda. Mshereheshaji akakimbia na kipaza sauti mpaka meza yetu, akamwekea mama mdomoni.

Mama alisimama. Ana miaka sitini na kitu sasa, magoti yanamsumbua, alishika ukingo wa meza. "Nilisoma kwa wakati," akasema. "Nilisoma mara mbili."

Walicheka zaidi. Naapa walicheka kuliko mwanzo. Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti, akasema, "Banange, jamani, mama naye iko na utani!" na muziki ukapigwa, keki ikakatwa. Mama akaketi. Miaka yote ile alilibeba lile neno, siku alipolitoa likapokewa na kicheko na kipande cha keki. Mimi nikasukuma kiti nyuma kwa hasira ili tuondoke. Yeye alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, polepole, akasema tungoje kidogo kabla ya kuondoka ili isionekane vibaya.

Asubuhi yake mjomba alikuja nyumbani kwa mama. Alileta mabaki ya keki kwenye mfuko wa plastiki, tairi moja na nusu ya mlango. Akaketi, akasema, "Dada, jana ulinitia aibu kidogo." Mama alikuwa anamimina chai. Hakupandisha sauti. Akasema tena lilelile, nilisoma kwa wakati. Nilidhani mjomba atacheka au ataleta ng'ombe na mganga. Hakuleta.

"Nilikusikia," akasema. "Mara zote mbili nilikusikia."

Mama akaketi naye. "Basi waambie."

"Niwaambie akina nani?"

"Wale wa jana. Wote."

Mjomba akanywa chai. Akasema mvua za mwaka huu zimechelewa, kisha akasema ana mwanafunzi anamsubiri Luzira, akavaa viatu akaondoka. Nilimsikia akiwasha gari, na alilitoa kwenye kichochoro cha kwa mama vizuri mno, bila kukwaruza chochote. Nikamdharau kwa hilo pia.

Kabla sijarudi Arusha nilimpeleka mama kule kwenye miwa. Alitaka mwenyewe. Hakuna tena udongo mwekundu, kuna lami na kituo cha mafuta, na mashine za barabara zimeuchonga ule mwinuko mpaka ukawa tambarare. Tuliteremka tukasimama pembeni, magari yakitupita. "Hata mwinuko wenyewe hawakuuacha," mama akasema. Nyumba ya haboba nayo ni vyumba vya kupanga sasa, ua umejengwa wote, na mahali pa jiko kuna duka la simu. Fundi amerudi kwao. Yule mama wa Nairobi amefariki. Waliobaki wanaokumbuka siku ile ni wale wa ukumbini, na wao wanakumbuka kichekesho.

Umepita mwezi. Kila jioni nampigia mama simu, na kabla hatujaagana namuuliza kama mjomba ameshawaambia. Mama ananiambia bado, kisha ananiuliza nimekula nini. Jana aliniambia nisiulize tena. Basi mimi sikuapishwa na mtu, na ninakwambia wewe, na umwambie mwingine: mama yangu alisoma kwa wakati.